Tofali Moja la Mnara wa Nyambwiro

Kumsenga, Kibondo
19 Julai 1998

Mpendwa mdogo wangu Philemon,

Nakusalimu wewe na mama. Goti lake linaendeleaje, na maharage mmeshavuna? Mimi ni mzima. Nakula, nafundisha, nalala.

Likizo ya Juni niliombwa kusaidia shule ya wakimbizi kule Nduta. Nilipangwa darasa moja na mwalimu aitwaye Maximilla, mwanamke mpole wa miaka thelathini na minne, aliyevuka mpaka wa Burundi pale Mabamba miaka miwili iliyopita baada ya kumzika mama yake.

Siku moja chaki zikaisha. Akawakalisha watoto chini, akaanza kuwasimulia maajabu ya nchi ya Nyambwiro. Philemon, nilikuwa nimesimama mlangoni. Akataja daraja la matofali, refu hata anayeanza kulivuka kijana hufika ng'ambo na mvi. Akataja nyumba ya milango elfu isiyo na komeo hata moja. Akafika kwenye mnara wa mfalme. Unaujua: fundi alificha tofali la mwisho, maana mfalme aliapa kumuua siku kazi itakapokwisha, asije akajenga mwingine kama huo.

Baba alituambia nchi hiyo aliibuni mwenyewe, na sisi tukiuliza lile tofali liko wapi, alinyamaza. Watoto wa Nduta nao wakauliza. Maximilla akajibu bila kusita kwamba fundi alimwachia binti yake alitunze mpaka atakaporudi.

Nikamuuliza hadithi hiyo kaipata wapi. Akasema kwa baba yake, mwashi aliyeitwa Ndayikunda, asiye na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, aliyekimbia Burundi mwaka 72, Maximilla akiwa na miaka minane. Kwetu Kasulu baba aliitwa Bazilio, Muha wa Mabamba, na Kiha chake hakuna aliyekitilia shaka. Kidole unakikumbuka.

“Mwalimu, mbona umeshtuka?” akaniuliza. Nikasema nimechoka tu.

Ninachoona aibu kukuandikia ni hiki: nilinyamaza wiki tatu. Nilikula naye ugali sahani moja. Nilimsikia akiwauliza wageni wapya wa kambini kama wamemwona baba yake, nami nikatazama pembeni. Niliogopa watu wa kanisani wasije wakamwita mama mke wa pili.

Jumatano nikamwambia. Alikuwa anachambua maharage ya mgao. Nikasema baba yake aliishi Kasulu, akaoa, akatuzaa sisi wawili, na tulimzika mwaka 94. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha, nami nikitazama vijiwe alivyokuwa akivitupa. Kisha akauliza kama alikufa kwa njaa. Nikasema hapana. Akasema, “Haya.”

Mimi pia sijalia. Ni kama mkono uliolaliwa. Nauona ni wangu, lakini sihisi kitu.

Amepata kibali cha kutoka kambini siku tatu. Ijumaa tutakuja wote, anataka kuliona kaburi. Mwambie mama kabla hatujafika. Mimi nimejaribu kumwandikia mara mbili, nikaishia kwenye salamu.

Nisalimie shangazi Generosa na wanakwaya wote. Mungu awalinde.

Maximilla ameniomba nikuulize jambo moja: akiingia nyumbani, amwiteje mama?

Ni mimi dada yako,
Elieth