Mama, Tumepata Nyumba Malvern

Malvern, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, mguu umepungua uvimbe na kifua kinakuacha ulale. Sisi huku tu wazima. Mkwe wako Évariste anakusalimia, na mjukuu wako Gaël pia, ingawa salamu zake zilitoka kwa Kizulu na mimi ndiye niliyezitafsiri. Kiswahili anakisikia chote, hasa ninapomgombeza, ila kukijibu ndiko hataki. Nisalimie ndugu yangu Pitchou na mke wake, na majirani wote wa Katuba wanaouliza habari zangu kwa nia njema. Wale wengine waambie tu kwamba nimenenepa.

Barua hii anakuletea Murielle, yule ninayeshona naye dukani Jules Street, anayepanda basi la Lubumbashi kwenda kumaliza matanga ya shangazi yake. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, kwenye simu wewe huniuliza neno moja, ninarudi lini, na mimi husema mwakani, halafu mtandao unakatika, au mimi naukata. Safari hii nataka nikujibu sawasawa. Jibu lenyewe lina njia ndefu, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kwamba tangu tufike tumeishi mtaa wa La Rochelle, hukuhuku Johannesburg, katika chumba kimoja cha kupanga, choo tukichangia na wapangaji wengine. Mwenye nyumba alikuwa akipandisha kodi kila alipoona tumenunua kitu kipya, hata nikaanza kuficha sufuria. Basi Évariste, Papa Gaël wangu, alipopata hati ya ukaaji wa kudumu, na kazi yake ya kuchomea vyuma ikawa ya mkataba na mshahara wa kupitia benki, akasema sasa tutafute nyumba yetu, benki itatukopesha. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Nilitaka jiko ambalo hakuna atakayenipigia hodi nikisonga bukari.

Benki tulipokelewa na binti mmoja anayeitwa Lerato, mpole, wa umri wa Pitchou hivi. Alibonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena, kisha akatuambia kwa huruma kwamba hatuonekani. Papa Gaël akamwuliza hatuonekani vipi na tumekaa mbele yake. Ndipo akatueleza kwamba nchi hii huweka kumbukumbu za kila anayekopa na namna anavyolipa, na benki husoma hizo kwanza ili ijue kama mtu anaaminika. Zetu zilikuwa tupu. Papa Gaël akajinyoosha kitini, akasema kwa fahari kwamba tangu azaliwe hajawahi kudaiwa na mtu, wala baba yake hakuwahi. Mimi nikaongeza habari za likelemba yetu ya akina mama wa kanisani, ya kuchangiana fedha kwa zamu, kwamba katika kutoa mchango wangu sijawahi kuruka mwezi, hata mwezi ule niliojifungua. Lerato alisikiliza vizuri sana, akasema hayo yote ni mazuri, ila kompyuta haisali pamoja nasi.

Ushauri wake ulikuwa tufungue akaunti ya mkopo kwenye duka la nguo, tuchukue kitu kidogo, tulipe kidogo kidogo kila mwezi bila kuchelewa, mpaka tuonekane. Wewe unamjua mkwe wako. Alichukua mashuka na viatu vya shule vya Gaël, akarudi navyo nyumbani kama mtu aliyeiba. Usingizi ukamruka. Hayo mashuka yenyewe alikataa kuyalalia. Mshahara ulipoingia tu, akaenda akalipa lote kwa mkupuo, akawaambia wafunge na akaunti, akadai risiti yenye mhuri, kisha akampelekea Lerato risiti ile akiwa amevaa koti lake la harusi.

"Eish, baba," Lerato akamwambia, "umeifuta hata ile alama moja uliyokuwa umeiweka."

Aliporudi akanisimulia. Nilimcheka, halafu nikamwonea huruma, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi sote. Baba alipokaribia kufa, si unakumbuka, alikutuma kwanza kwa muuza chumvi ukamlipie deni lake.

Tukaanza upya, safari hii kwa friji, na akaunti nikaisimamia mimi. Sijawahi kuona deni likitunzwa vile, Mama. Jumapili moja mchungaji akawaita wote wenye madeni wasimame, ayakemee yafutike siku ileile. Karibu kanisa zima likasimama. Papa Gaël akanivuta gauni niketi. Akaninong'oneza kwamba deni letu bado changa, lisije likafutwa kabla ya wakati wake. Amina ya siku hiyo hatukuitikia, Mungu atusamehe.

Mwaka ukapita hivyo, na zaidi. Siku tuliporudi, Lerato alitugeuzia kompyuta yake tujione. Tulikuwa tumeonekana. Benki ikakubali, ingawa ilitaka tutangulize fedha nyingi kuliko anavyotanguliza mzaliwa wa hapa, na wenzangu wa likelemba wakanipa zamu yangu mapema ili zitimie. Nyumba ni ndogo, iko Malvern, karibu na duka letu. Ina vyumba viwili vya kulala, bati jekundu, na uani nimeshapanda mboga za lengalenga. Majirani wa upande mmoja ni wazee wa hapahapa, walituletea keki siku ya kuhamia na kutuuliza kama tutapiga ngoma usiku.

Sasa nisikilize, Mama, kwa kuwa hapa ndipo nilipokuwa napaogopa.

Kabla ya kusaini, Lerato alituuliza kama tuna mpango wa kurudi kwetu, kwa sababu mkopo ni wa miaka ishirini. Aliuliza kikawaida, kama anayeuliza kama tunakunywa chai. Papa Gaël akanigeukia. Anajua ninachokuambia kila mara kwenye simu, akaniachia nijibu mimi.

"Hapana," nikasema. "Sisi tunakaa."

Lilitoka haraka, Mama, bila hata kumeza mate. Nikasubiri moyo unisute, haukunisuta. Nikasaini. Tulipotoka, tukiwa tumesimama kwenye robot ya Jules Street, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, tukingoja kuvuka, ndipo nilipoanza kulia, nikalia mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza nimefiwa na nani. Papa Gaël alidhani ni furaha, akamwambia tumenunua nyumba. Nilikuwa nakulilia wewe.

Nakutamani, Mama. Natamani matope mekundu ya Katuba mwezi wa kwanza, na sauti yako asubuhi ukigombana na muuza makala ya kupikia kabla hujanawa uso. Siku nyingine nasonga bukari nikizidisha maji kwa makusudi, ili nikumbuke ungenisemaje. Nyumba hii nimeipita chumba kwa chumba kwa macho yako, na najua ungesema dirisha la jikoni limewekwa upande mbaya. Nilikuomba uje ukae nasi, ukasema humwachi baba peke yake kule makaburini. Nimekuelewa, sitakuomba tena.

Basi jibu langu ni hili. Nitakuja, Mama, lakini sitarudi. Nitakuja kama wanavyokuja wageni, tiketi ya kuondokea ikiwa mkobani, na wewe utapika vyote kwa pamoja kwa kuogopa siku zitaisha. Mwanzoni nilisema mwakani kwa kuwa niliamini. Baadaye nilisema kwa kuwa nilikuwa nasikia jinsi unavyovuta pumzi ukisubiri. Huku kumenipokea, Mama, na mimi nimepapenda, na kukuandikia hivyo kunaniuma kuliko nilivyodhani.

Murielle aliporudi kutoka huko safari iliyopita aliniambia kwamba watoto wa Pitchou wanalala sebuleni, na chumba changu umekifunga kinanisubiri. Wafungulie. Waache walale kitandani kwangu, wachore ukuta wakipenda. Ila nakuomba neno moja: vitu vyangu usivitoe vyote siku moja.

Mpe Murielle jibu lako, hata likiwa la hasira, nitalipokea. Kitenge alichobeba ni chako, kile cha bluu, nimekishona mwenyewe na kiuno nimekikisia tu. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na watu wema mlangoni.

Mimi mtoto wako,
Agnès