Ubao wa Pedali Tatu

Jumapili, 2 Mei 1976
Misa, ugali wetu wa bukari, usingizi. Halafu kutengeneza waya za gitaa, kama kila Jumapili. Pedali zangu za kubadili sauti ya gitaa kwa mguu ni tatu: ya wawa, ya kukwaruza, ya mwangwi. Zinakaa sakafuni, kila moja kivyake, na hapo ndipo penye shida. Jana harusini mjomba wa bibi arusi alipanda jukwaani kunibandika noti ya pesa kwenye paji la uso. Heshima kubwa. Akakanyaga waya. Solo ikakatika, wachezaji wakabaki mikono juu. Aibu bado inaniwasha.

Mkuu wa bendi alisema mbele ya wote: "Ikikatika tena samedi, solo inaenda kwa Kabamba. Weye utamusindikiza."

Kabamba ni mpiga gitaa la pili, ndiye anayenisindikiza. Miaka sita napiga solo. Jumamosi kuna harusi nyingine, na simsindikizi mtu.

Jumanne, 4 Mei
Nataka ubao mmoja, pedali zote zifungwe juu yake. Watu hawataacha kubandika noti, na mimi siwaombi waache. Fundi mwenzangu wa kuchomelea vyuma karakanani amenipa bati. Jepesi. Nimelipaka rangi nyeusi. Zuri mno.

Jumatano, 5 Mei
Mazoezi. Nilimwomba mpiga ngoma, mtu wa kilo, alikanyage. Likapinda kama kifuniko cha sufuria. Kabamba alicheka. Acheke.

Alhamisi, 6 Mei
Mbao za kasha la vipuri: zimepasuka kwenye skrubu. Mninga wa seremala wa mtaa wa Kikula: mbichi, utajikunja. Zimebaki siku mbili. Nina hasira na kila mti wa Katanga.

Nyumbani nikauona ubao ambao mke wangu, Mama Kapya, anapangia samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Mnene, mkavu, umeinama mbele ili maji yashuke. Mguu unajikalia wenyewe. Nilizungukazunguka kwa maneno. Akanikata: "Ubebe. Lakini samedi tu. Lundi minye niko na samaki."

Nimekubali: Jumatatu ubao urudi kwa samaki wake.

Ijumaa, 7 Mei
Skrubu peke yake hazikunituliza. Nimeongeza gundi ya viatu. Nyingi.

Jumamosi, 8 Mei
Harusi ya mchana. Wamepanda wanane kunibandika noti, mmoja pamoja na mama mkwe wake. Wameukanyaga ubao kama wanatwanga mahindi. Haukusogea. Pua imejaa harufu ya samaki, vidole viko huru. Solo haikukatika hata mara moja. Mkuu amesema nafasi ni yangu. Kabamba amenipa mkono. Nina furaha, basi.

Jumatatu, 10 Mei
Gundi haitoki. Nimevuta, nimekwangua kwa kisu, vipande vya ubao vinang'oka pamoja na pedali. Mama Kapya aliangalia, akachukua gunia, akaondoka. Baada ya zamu nilipita sokoni Kikula. Anauza chini, juu ya gunia. Miguu ya wapita njia inarusha vumbi juu ya samaki. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 20 Mei
Nimemchomelea seremala milango miwili, naye amenitafutia ubao mkavu wa Mama Kapya. Nimeupiga randa mwenyewe. Nimekosa mazoezi mara tatu. Mkuu ananung'unika. Anung'unike.

Jumamosi, 22 Mei
Asubuhi nimeubeba begani hadi sokoni. Mama Kapya aliugonga kwa ngumi, akaupindua, akakagua chini yake. Akapanga samaki mmoja mmoja. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, nikaketi. Tuliuza hadi saa sita.