Mawe Kumi na Manne ya Mwaloni

Pasiansi, 4 Mei 2025

Mwanangu Malimi,

Habari za Dodoma? Huku wazima, goti langu tu linanisumbua nikikaa sana. Barua hii Winnie wa dukani ananipigia picha akutumie.

Orodha ya mawe yetu ya kuanikia dagaa imebandikwa hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia. Yaliyo juu ya maji kwa mita moja na nusu au zaidi tutaachiwa, ya chini tutahamishwa. Kumi na manne hayana namba ya urefu, pana kistari tu, na langu ni mojawapo. Wenzangu wanajua orodha imetokana na ramani ya ofisini kwenu. Mmoja wao, Immaculata, ameniuliza kama ni wewe uliyetufuta. Nimjibu nini?

Mama yako,
Odeta

Dodoma, 11 Mei

Mama, shikamoo. Pole na goti, ukande kwa maji ya moto.

Mwambie mama Immaculata ni mimi, ila si makusudi. Picha ya miinuko tunayotumia imegawanywa miraba ya mita thelathini, na kila mraba una namba moja tu ya urefu. Mawe yenu ni madogo mno, kompyuta ikayaruka. Sasa nimeikata miraba iwe ya mita tano, na yote yamepata namba. Nasikitika, yote kumi na manne yametoka chini ya kipimo, karibu usawa wa maji. Orodha inafungwa tarehe thelathini.

Mwanao,
Malimi

Pasiansi, 18 Mei

Malimi,

Marahaba. Immaculata amecheka mpaka akakaa chini. Jiwe lake linanizidi kimo, nawe unasema limo majini. Ukikata ugali vipande ishirini, si bado ni ugali uleule? Hizo namba mpya umezitoa wapi?

Mama yako

Dodoma, 20 Mei

Shikamoo mama,

Nimeona aibu. Mraba mmoja ulikuwa umebeba mawe yenu pamoja na ziwa, ukatoa wastani. Nilipoukata, kila kipande kilirithi wastani uleule. Nilifurahi kuona namba, nikaridhika.

Siwezi kufika kabla ya tarehe thelathini. Naomba mpime wenyewe ziwa likiwa shwari, kutoka juu ya jiwe hadi kwenye maji, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Msimamizi wangu amekubali kupokea vipimo vyenu.

Mwanao

Dodoma, 28 Mei

Mama, shikamoo. Goti vipi? Kimya chako kinanitia hofu. Zimebaki siku mbili.

Malimi

Pasiansi, 29 Mei

Mwanangu,

Goti limetulia, hata ziwa nalo. Lilichafuka wiki nzima, ndiyo maana ya kimya. Leo asubuhi tulishusha kamba yenye kokoto, Immaculata akaipima kwa futi yake ya kushonea, mwenyekiti akasaini. Karatasi inakuja pamoja na barua hii.

Kumi na matatu yamepita. La Immaculata limefika mita mbili. Langu nimeliandika mwisho: mita moja na sentimita ishirini. Nimelipima mara tatu.

Usiliongeze. Ukinipendelea mimi, hata hayo kumi na matatu nani atayaamini? Nimeumia, sikufichi, nimeanika pale miaka kumi na tisa. Ila leo umeturudisha kwenye orodha, na mwaloni wanakusalimia kwa jina.

Dagaa wa leo nimewaanika kwa Immaculata. Amenigawia upande unaowahi jua.

Mama yako,
Odeta