Kwa Ezekias, Aliyehesabu Viota Majira Ishirini na Mawili

Mwaka umetimia, Ezekias, tangu asubuhi ile ya Julai ulipolala kwenye kibanda chetu cha mawindo, viatu vyako vikikauka karibu na jiko, usiamke tena. Bwana alikuita kwa upole. Tunamshukuru, ingawa bado tunalia.

Ulikuwa mwindaji, lakini watafiti walipokuja kutafuta mtu wa kuwahesabia wanyama, kijiji kizima kilikutaja wewe. Wakati wa baridi, jua likiwa halichomozi kabisa huku kwetu kaskazini ya mbali, ulifuata nyayo za dubu kwenye barafu na kuandika zilikoelekea. Barafu ilipoanza kupasuka uliingiza kasia majini, ukaweka sikio kwenye mpini, ukatuambia, "Nyamazeni, nyangumi wanazungumza." Na kila Juni ulikwenda kisiwani kuhesabu viota vya bata wa baharini.

Hukuwahi kurudi na sili kutoka baharini bila kumpelekea mjane Birthe ini la mnyama huyo. Hukung'oa nanga kabla ya kuwaombea waliomo chomboni. Na mimi, niliyeanza darasa la jioni nikiwa na mvi, ulinisindikiza na taa huku ukinitania: "Nenda, mke wangu. Herufi haziumi kama mbwa."

Giza la mwaka huu lilikuwa refu. Mbwa wako walikaa wakiutazama mlango mpaka Jokum, mdogo wako, alipowachukua. Mimi niliendelea kupika supu ya watu wawili. Nimemwomba Mungu anifundishe kupika kidogo. Hilo bado sijaliweza.

Juni ilipofika, watafiti waliuliza nani atahesabu. Wewe hukuruka mwaka hata mmoja. Walisema mmoja tu ukipita bila hesabu, kazi yako yote inakatika, na hakuna atakayejua tena kama ndege wanaongezeka au wanakwisha. Jokum alikuwa na mashua, lakini alikataa kalamu.

"Shemeji, mimi nikifika kumi nasikia njaa."

"Basi wewe endesha. Nitahesabu mimi."

Nilikosea kwenye kiota cha kwanza kabisa. Nilikiendea kwa haraka, bata akaruka kwa hofu na kuyachafua mayai kwa kinyesi. Harufu ile unaijua.

"Polepole, shemeji!" Jokum akapiga kelele toka kwenye mashua. "Unawaendea kama mbweha!"

"Mbweha angalau hapigiwi kelele!"

Nikapiga magoti, nikayapangusa mayai kwa manyoya ya kiota, nikayafunika ili shakwe, wale wezi wa mayai, wasiyaone. Tangu hapo nilitembea nimeinama, nikiimba zaburi kwa sauti ya chini, bata wanisikie mapema na waondoke bila hofu. Nilifuata njia yako: kila viota kumi, kokoto moja mfukoni. Mwishoni nilikuwa na kokoto kumi na tisa, na viota vinne juu yake. Mia moja tisini na nne. Nilizunguka kisiwa mara ya pili nikiogopa nimekosea, magoti yakiniuma, Jokum akilalamika kwamba kahawa imepoa. Hesabu ikawa ile ile.

Tuliporudi mashuani nilifungua daftari lako. Kila mwaka, penye nafasi ya waliohesabu, uliandika majina mawili: lako, kisha langu, nami siku zote nilikuwa nimebaki ufukweni nikichemsha kahawa. Sikuwahi kujua. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.

"Andika, shemeji," Jokum akasema taratibu. "Waandike waliokuja."

Niliandika Tabea. Chini yake nikaandika Jokum. Mwaka mzima, Ezekias, nilikuwa nikikuombea kama mtu aliye safarini, heri ya njia na hali nzuri ya hewa. Pale, nilipomaliza kuandika majina yale mawili, ndipo nilipojua kwamba hutarudi.

Viota ni mia moja tisini na vinne. Tulitaka ujue.

Unakumbukwa na mkeo Tabea. Binti yako Pilunnguaq aliyeko mjini, pamoja na mumewe Enok na watoto wao. Mdogo wako Jokum. Jirani yako Birthe. Na waumini wote wa kanisa letu dogo.

Bwana akupumzishe. Kwa kila majira tuliyobakiziwa, tutakukumbuka.