Saksafoni ya Mwenye Koti

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Leo bosi amegawa vitu vya reli ya mayatima. Ndivyo tunavyoiita sisi wa dobi, reli ya nguo ambazo wenyewe hawajazifuata kwa zaidi ya mwaka. Wenzangu wamegombania mashuka na suti. Mimi nimeokota kasha jeusi lililokuwa sakafuni chini ya koti la kijivu. Koti lenyewe hakuna aliyelitaka, kubwa kama hema, limerudishwa relini. Ndani ya kasha — saksafoni! Ya aina ya alto, anasema bosi. Mwenyewe aliiacha pamoja na koti, akasema atapitia jioni. Jioni ya mwaka juzi.
Miaka kumi na tisa napiga pasi nguo za watu. Leo nimerudi nyumbani na kitu changu.

Jumanne, 4 Machi
Kwenye kifuniko cha kasha imebandikwa karatasi iliyochorwa kwa mkono. Kwa kila noti, maduara matatu juu na matatu chini. Jeusi — bonyeza. Jeupe — achia. Pembeni kuna maneno ya kalamu ya bluu: "Shusha mabega." "Usijaze mashavu." Alikuwa anamwandikia nani? Nimeamua ananiandikia mimi. Nimempa jina: Mwenye Koti.
Nimevaa mkanda wa saksafoni shingoni, nikakunja mdomo wa chini juu ya meno, nikapuliza. Hewa tupu. Nikapuliza tena kwa hasira. Kitindamimba wangu akauliza kutoka jikoni kama kuna bata anachinjwa.

Jumamosi, 8 Machi
Noti ya kwanza, ti! Duara moja tu jeusi, la juu kabisa. Imetoka nene, imejaa chumba kizima. Napigia ndani ya kabati, uso katikati ya magauni, jirani asije akanijia juu. Giza, harufu ya sabuni, na ti moja ndefu. Nilifumba macho nikasahau kwamba nina magoti, nikasahau na jina langu. Nilipotoka nilikuta mume wangu amekaa kitandani, viatu mkononi, ananingoja nimalize ndio avifungie mle. Amengoja muda gani, sijui.

Alhamisi, 13 Machi
La ni maduara mawili. So ni matatu. Kwenda na kurudi: ti-la-so, so-la-ti. Kazini pasi inakwenda yenyewe na mimi nakwenda kwingine. Leo nimeota mpaka nimeunguza kola ya daktari. Kidogo tu! Bosi hakuona. Shangazi Vifungo ameona — mshonaji wetu, mkongwe kuliko mashine zote pale, hapitwi na kitu. Ameifumua kola, ameigeuza, ameishona upya. Kisha kaniambia mapenzi ya ukubwani ndiyo hayo, mwanangu, yanaunguza.

Jumatatu, 24 Machi
Fa, mi, re. Kwa re vidole sita vyote vinashuka, na sauti inatokea chini kabisa, kama inatoka tumboni mwa nyumba. Nimeipiga hadi jua likahama dirishani.
Ila viganja vinaniuma. Vidole vinafika kwa taabu, vimekaa upogo. Mwenye Koti hakuandika lolote kuhusu maumivu. Labda kila anayejifunza huumia.

Ijumaa, 28 Machi
Aibu yangu! Nimeibeba kazini nimpigie Shangazi Vifungo saa ya chakula. Kacheka mpaka kaangusha sindano. Akanivuta hadi kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya bendi, akaniuliza mkono wa huyo mpigaji ulio juu ni upi. Wa kushoto. Na mimi tangu siku ya kwanza naweka wa kulia! Karatasi ina maduara tu, haisemi mkono. Na mpiga pasi, ukimwambia wa juu, atatoa wa kulia. Ndio wenye kazi. Wa kushoto kwetu ni wa kushikilia nguo isiteleze.
Karibu wiki nne, kazi bure! Nimelia kwenye mashine ya mvuke, maana pale kila uso umelowa, hakuna wa kuuliza. Shangazi Vifungo akanifuata. Kasema vidole vitahamishwa, lakini pumzi haina kushoto wala kulia, na pumzi tayari ninayo.

Jumapili, 6 Aprili
Naanza upya. Mkono wa kushoto mvivu, ndugu yake amemdekeza miaka yote. Lakini viganja haviumi tena.
Nimemwota Mwenye Koti. Anatembea mbele yangu kwenye barabara ndefu, hana uso, koti linapepea, na kila hatua yake ni noti. Namwita nimuulize alikuwa anamwandikia nani. Hageuki. Nimeamka asubuhi vidole vya kushoto vinabonyeza bega la mume wangu. Akauliza macho yamefumba, hiyo ni noti gani. So, nikamwambia. Akasema nzuri, akageukia ukutani.
Nina furaha. Niandike tu wazi, nani atasoma? Nina furaha.

Jumanne, 15 Aprili
Amekuja.
Nilikuwa nyuma, sikumwona. Bosi ndiye aliyeniita pembeni. Mzee mmoja kaleta risiti ya koti la kijivu. Alilazwa hospitali muda mrefu, kisha mwanawe akamchukua akae naye mbali. Koti lina vumbi, kaambiwa alifuate kesho. Risiti inasema koti moja, basi. Kasha hakulitaja. Bosi anasema hata angelitaja, nyuma ya risiti imeandikwa kwamba baada ya mwaka hatudaiani, kwa hiyo nifunge mdomo wangu, mali ni yangu.
Nimeufunga. Hata chakula cha jioni hakikupita.

Jumatano, 16 Aprili
Saa nne asubuhi. Naandika nyuma ya pazia, koti liko kwenye mvuke. Yeye yuko mbele, kwenye benchi.
Ana uso. Mwembamba, ndevu nyeupe, macho mapole. Risiti alinipa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani, hausogei. Kasha hakuliuliza! Aliitazama tu reli ya mayatima kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akatazama sakafuni chini yake, akatazama kwa muda. Halafu akaniambia pole na kazi, mwanangu.
Hana mkono, ataifanyia nini? Nimejiambia hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilijichukia.
Nimekuja nayo leo. Iko hapa chini ya meza ya pasi. Kutoka nayo mbele na kusema "mzee, hii ni yako" — nimejaribu. Miguu imekataa. Koti litakauka baada ya dakika tano.

Nimepiga.
So, la, ti. So imekwaruza vibaya sana. Mbele cherehani ya Shangazi Vifungo imesimama. Bosi kaguna. Halafu sauti ya mzee, nzito, kama inatokea upande mmoja wa mdomo:
"Mwanzi mkavu huo. Ulambe kwanza."
Nimeulamba ule mwanzi mwembamba wa kupulizia. Naandika mbio, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Benchi limelia. Fimbo yake inagonga sakafu, polepole, inakuja huku. Mkanda bado uko shingoni mwangu. Sijauvua.