Hiyo "Tutaona" Yako Inanitisha

Mama mpendwa,

Oyawore, habari za asubuhi. Huku kumekucha na baridi ya kuuma masikio, ila mwili wangu ni mzima. Hofu tu ndiyo imeninyima raha. Ule uvimbe wa kwapani unaendeleaje? Bado unauma ukibeba karai la dagaa wako wa omena? Nilipokuuliza kwa simu kama utarudi kliniki, ulicheka, ukasema, "Tutaona, nyathina, mwanangu." Jibu hilo ndilo linalonitisha.

Hebu nikueleze. Unajua utafiti wangu unahusu ile kompyuta mpya ya kliniki, mfumo wa kuwafuatilia wagonjwa. Karani anauliza, "Utarudi?" anaandika maneno ya mgonjwa, halafu anabonyeza ndiyo au hapana. Juzi tuliyafungua majibu hapa chuoni. Wale wote waliosema "tutaona" wameandikwa kwamba watarudi! Profesa wangu akafurahi kweli. Yeye ni wa wale wanaoshikilia kwamba ukweli ni kile kinachohesabika, na haubadiliki hata aulize nani. Nikainua mkono. Nikamwambia, "Kwetu mgeni haambiwi hapana. Tutaona ndiyo hapana yenyewe."

Akaniuliza, "Una ushahidi gani?"

Ushahidi! Si nimelelewa nao? Nilipoomba kwenda safari ya shule Homa Bay, uliniambia tutaona, na sikwenda.

Kuna wasomi wengine, Mama, wanaosema huwezi kuuelewa mfumo kabla ya kuelewa watu wanamaanisha nini wanapoujibu. Wengine wanauliza nani ana nguvu pale, na nani anaogopa kusema. Nawasoma wote, na kila nikisoma nakuona wewe kwenye benchi, umeshika leso, unamjibu karani kwa adabu. Mashine imeridhika kwamba utarudi. Hakuna atakayekuja kukutafuta.

Naogopa, Mama, nisikufiche. Simu ya shangazi ikiita, nawaza ni habari zako kabla sijapokea.

Nisalimie Baba mdogo, fundi wetu wa injini za boti, na dani, nyanya yangu, na yule jirani yako wa sokoni anayekukaangia mihogo. Waambie nawakumbuka.

Lakini wewe nijibu. Mimi si karani, wala si mgeni. Kama unaogopa kisu cha daktari, sema hapana, nikusikie. Hapana nitabishana nayo mpaka kukuche. Hiyo tutaona sijui niishike wapi.

Mwanao ambaye bado anakuhitaji,
Atieno