Damu ya Baba Mkubwa

Bernadina,

Usiogope damu iliyo sebuleni, ni ya baba yako mkubwa. Ioshe kabla wadogo zako hawajatoka shule. Makande yapo jikoni. Ndama asinyonye maziwa yote.

Tunakwenda hospitali ya Haydom. Daktari alisema uvimbe wa mapafu ya baba yako umesambaa hadi kwenye bandama, jambo la nadra sana, na bandama itolewe upesi kabla haijapasuka. Asubuhi baba mkubwa kaja na mganga mwenye wembe. "Leo uchawi wa mkeo unatoka!" Baba mkubwa akafoka hivyo, akamkandamiza baba yako kitandani pale sebuleni kwa goti, ubavu ule ule wa kushoto wenye bandama. Baba yako alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Nikashika mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, la pili likampasua kichwa. Mganga alitorokea dirishani.

~~Baba mkubwa akija usimfungulie.~~ Hapana, tunaondoka naye, nimeshamfunga mkono kwa kanga yangu. Baba yako amekataa kupanda basi bila kaka yake. Anasema, "Alidhani ananiponya."

Haya, watasafiri pamoja. Mimi nitakaa katikati yao.

Mama yako